Acheni Kumwambia Mama Maziwa Yake Hayatoshi

Hapa kwangu mmezoea tuongelee nauli za matatu, bei ya unga na mbio za akina Kipchoge. Leo naongea kuhusu kunyonyesha, na tayari nasikia mtu akiuliza: wewe kijana wa Langas, hata bibi huna, unajua nini kuhusu maziwa ya mama? Kusema ukweli, kidogo sana. Lakini mimi ndiye niliyetumwa dukani kununua kopo.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Eldoret ya kulala na soksi. Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, akatoka hospitali akaja kwetu ili mamangu amsaidie. Usiku wa tatu mtoto alilia kuanzia saa nne mpaka karibu saa nane. Nyumba ni ya vyumba viwili, kwa hivyo sote tulikuwa macho. Ndipo ile sentensi ikatoka. Sikumbuki hata ni nani aliianza, kama ni mamangu au ni jirani aliyekuja mchana kuona mtoto, lakini usiku huo ilirudiwa kama mara tano: "Haya maziwa yako hayatoshi."

Sasa mtu ameshonwa, chuchu zimepasuka, hajalala siku tatu. Utamwambia hivyo na atabisha na nguvu gani? Dada alinyamaza tu, machozi yakimtoka. Asubuhi nikapewa pesa, nikaenda duka la dawa, nikanunua kopo la maziwa ya unga kwa bei iliyonifanya nihesabu chenji mara mbili. Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa.

Kitu ambacho sikujua ni hiki: titi si tangi la maji ambalo likiisha limeisha. Mwili hutengeneza maziwa kulingana na yanayotoka. Mtoto akinyonya mara nyingi, mwili unajua kuna mteja, unaongeza. Akipewa chupa analala ameshiba, titi linabaki limejaa, na mwili unaelewa kwamba mteja amehama. Unapunguza. Fanya hivyo wiki mbili na ile sentensi inakuwa kweli. Halafu yule aliyeisema anakaa pale na chai yake: "Si niliwaambia?"

Na ule usiku wa tatu, mtoto alikuwa kazini. Maziwa ya siku za kwanza ni yale mazito ya manjano, na ni machache kwa sababu tumbo lenyewe ni dogo; siku ya kwanza, mlo mmoja unaweza kuwa kama kijiko kidogo cha chai tu. Maziwa mengi huingia kuanzia siku ya pili hadi ya nne hivi, na kung'ang'ania titi usiku kunasaidia kuyaita. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Labda dada aliambiwa haya yote wodini, lakini nani hukumbuka somo la wodini?

Aliyetuokoa ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu. Alipita siku ya nne na hakuhubiri. Aliketi kando ya kitanda akasema, "Hebu muweke nione." Kumbe mtoto alikuwa ananyonya ncha ya chuchu pekee, na ndiyo maana kulikuwa na vidonda na bado njaa. Akamgeuza tumbo kwa tumbo na mamake, akangoja afungue mdomo wazi kabisa, akamsogeza kwa titi mpaka chuchu na sehemu kubwa ya ile nyeusi inayoizunguka ikaingia. Kidevu kikagusa titi. Dada akashusha mabega. Halafu tukasikia mtoto akimeza. Jamani, sikuwa najua kumeza kuna sauti tamu hivyo.

Akatuachia kazi ya kuhesabu. Kuanzia siku ya tano hivi, nepi sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24 ni dalili nzuri kwamba maziwa yanaingia, na mizani ya kliniki inamaliza ubishi. Mtoto anayelala tu bila kuamka kunyonya, asiyekojoa, au anayegeuka manjano machoni, huyo anakimbizwa hospitali. Hasubiri jirani atoe maoni.

Msije kwa komenti mkisema napiga vita kopo. Wapo akina mama ambao maziwa ni machache kweli, na wapo wagonjwa. Wapo watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Pumwani kule Nairobi walifungua benki ya maziwa ya mama 2019, na watoto kama hao ni miongoni mwa wanaosaidiwa. Ninachopinga ni kopo kununuliwa kabla mtu yeyote hajaangalia jinsi mtoto anavyonyonya. Na maji vilevile, eti mtoto ana kiu. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji. Miezi sita ya kwanza hayo yanatosha.

Tukiangalia takwimu, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008-09 ulipata asilimia 32 tu ya watoto walio chini ya miezi sita wakinyonya bila kupewa kitu kingine. Kufikia 2014 ilikuwa 61. Mwaka 2022, 60. Tulipanda vizuri, tukasimama. Mimi nadhani najua tuligonga ukuta gani: kazi. Hospitali inasema miezi sita, sheria ya ajira inampa mama likizo ya miezi mitatu. Hiyo mingine mitatu nani anailipa? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyesha, chenye mahali pa kunawa, viti na friji, na ampe mama muda wa hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Miaka miwili baadaye, Agosti 2019, mbunge Zuleikha Hassan wa Kwale alitolewa bungeni kwa kuingia na mtoto wake wa miezi mitano. Kama mambo yalikuwa hivyo kwa waliotunga sheria, mnadhani duka la nguo hapa mjini liko vipi?

Nitawaambia liko vipi. Dada alirudi kazini mtoto akiwa na wiki saba, kwa sababu yeye ni kibarua na likizo ni ya wenye mikataba. Anakamua maziwa stoo, katikati ya mabunda ya nguo, mlango ukishikiliwa na mwenzake. Siku zingine mimi humpeleka mtoto kwa matatu saa ya chakula, na makanga hunitazama kama nimeiba.

Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024. Kama wewe ni mwajiri hapa na hicho chumba unacho, chenye kiti na mlango unaofungika, niandikie. Nitakuja kukipiga video, bure.