Hereni za Krismasi, sare za Januari: pesa ya Desemba inaishia wapi?

Desemba ikiingia, vibaraza vya Chapwa hubadilika. Pale palipokuwa na nyanya na mkaa, sasa kimetandikwa kitambaa cheusi, na juu yake zimepangwa hereni za shanga, bangili za waya wa shaba, vikuku vya miguuni na mikufu ya vipande vya kitenge. Wauzaji wengi ni akina mama na mabinti waliotengeneza vitu hivyo wenyewe, usiku, baada ya kazi za shamba na za nyumbani.

Tulikaa na mmoja wao. Ni mama wa watoto wawili wanaosoma, na hii ni Desemba yake ya tatu kuuza hereni. Msimu uliopita mzigo wake uliisha karibu wote. Majirani walimpongeza. Lakini shule zilipofunguliwa Januari, alikwenda kukopa pesa ya sare. Swali alilotuuliza ndilo lililotufanya tuandike makala haya: kama hereni ziliuzika, pesa ilikwenda wapi?

Jibu halipo sehemu moja. Tumelifuata hatua kwa hatua, na tunadhani litamfaa hata anayeuza maandazi, vikapu au nguo za mitumba msimu huu.

Pesa ya Desemba ni ya nani

Mkoani Songwe, sikukuu ya Krismasi huja wakati mbaya kwa mkulima. Mahindi ya msimu uliopita yalishauzwa miezi kadhaa nyuma, na kahawa ya Mbozi nayo vivyo hivyo. Mvua zimeanza, mbegu na mbolea zinadai pesa, na palizi inakuja. Kwa hiyo mteja wa kijijini anayesimama mbele ya meza yako Desemba ana shilingi chache na mipango mingi.

Pesa inayozunguka wakati huu hutoka kwingine. Kuna ndugu waliorudi nyumbani kutoka Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko. Kuna madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka, wanaopenda kumbebea mtu nyumbani zawadi ndogo isiyochukua nafasi. Kuna wateja wa Nakonde wanaovuka kuja kununua vitu vya sikukuu. Na kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalipi uzito: kuvunja vikoba. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hugawana akiba mwishoni mwa mwaka. Siku kikundi kinapovunja, akina mama ishirini au thelathini wanakuwa na pesa mkononi kwa wakati mmoja, mahali pamoja.

Hii maana yake ni kwamba muuzaji anayekaa barazani tangu Desemba mosi hadi 31 akisubiri wapita njia hufanya kazi ngumu kuliko anayejua vikundi vya mtaa wake vinavunja lini. Siku tatu zilizochaguliwa vizuri zinaweza kuzidi wiki tatu za kukaa juani.

Jozi moja, hesabu moja

Sasa tuingie mfukoni. Tuchukue mfano wa jozi moja ya hereni za shanga. Bei za vifaa hutofautiana kutoka duka hadi duka, hivyo wewe weka za kwako.

Tuseme shanga, waya na ndoano vimegharimu shilingi 700. Kikadi cha kuzibandika ni shilingi 100. Nauli ya kufuata vifaa na pesa ya kupanga meza, ukigawa kwa kila jozi, ni shilingi 200. Jumla ni shilingi 1,000. Unauza 1,500. Umebaki na 500.

Lakini jozi hiyo imekuchukua dakika 40. Ukifanya kazi saa 8 bila kuinuka, utatoa jozi 12, na ujira wako wa siku ni shilingi 6,000. Hiyo ni kabla mteja hajaanza kupatana bei.

Mteja anasema, "Mama, nipunguzie, nipe kwa 1,200." Kwa macho umepunguza shilingi 300 tu kwenye 1,500. Kwa hesabu umetoa 300 kwenye 500 uliyokuwa uipate, yaani asilimia 60 ya jasho lako. Siku nzima ya kazi sasa inakulipa shilingi 2,400. Na ukimwachia mwenye duka kwa mali kauli kwa bei ya 1,000, akikulipa utakuwa umefanya kazi bure. Asipokulipa, umepoteza na mtaji.

Mama wa Chapwa alipofanya hesabu hii pamoja nasi, alinyamaza kidogo. Alikuwa akipanga bei kwa kuangalia meza ya jirani. Jirani naye, bila shaka, alikuwa akiangalia ya kwake.

Kuna jambo la pili. Pesa ya mauzo na pesa ya nyumbani zilikaa kwenye pochi moja. Mchele wa sikukuu, soda za wageni na nauli ya mtoto wa dada vyote vilitoka humo. Hilo si kosa, sikukuu ni sikukuu. Lakini pesa ya shanga za Januari nayo ilikuwa humo humo, na hakuna aliyeiona ikiondoka.

Mzigo wa Kariakoo hauna huruma

Hereni za kiwandani zinazoletwa kutoka Kariakoo huuzwa kwa dazeni, na bei yake huwezi kuishinda kwa mkono. Hata shanga nyingi tunazotumia wenyewe hutoka viwandani nje ya nchi: kwa miaka mingi shanga za kioo zinazotumiwa Afrika Mashariki zimekuwa zikitoka nchi ya Czech, na sasa nyingi zinatoka China.

Wengine waliweka matumaini kwenye amri ya serikali ya Julai 2025, iliyowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo za rejareja, viwanda vidogo na maduka ya vitu vya kumbukumbu. Amri hiyo inahusu nani anauza. Haizuii mzigo wa hereni za kiwandani kuingia nchini na kuuzwa na Mtanzania. Hivyo ushindani wa bei upo pale pale. Na kwa sisi wa mpakani kuna la kuangalia: raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara zilizozuiwa naye ana adhabu yake. Ukimkodisha dada wa ng'ambo meza yako, fikiri mara mbili.

Basi mkono una nini ambacho kiwanda hakina? Una sare. Desemba ni mwezi wa kwaya, harusi, ubatizo na mikutano ya ukoo. Kwaya ya akina mama 25 ikishona kitenge kimoja, inaweza kutaka hereni 25 za kitenge hicho hicho. Kiwanda hakiwezi kuwapa ndani ya wiki moja. Wewe unaweza. Mabaki ya kitenge yapo kwa fundi cherehani aliyeshona hizo nguo, na mara nyingi huyatupa.

Oda ya namna hii ina faida tatu. Unajua idadi kabla hujanunua vifaa. Unaweza kuomba malipo ya awali, angalau gharama ya vifaa. Na hakuna wa kukuambia mwenzako anauza 1,200, kwa sababu mwenzako hana.

Tena tusijione wageni kwenye kazi hii. Huko Magubike, mkoani Iringa, watafiti walipata shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa takriban miaka 50,000. Kutoboa, kutunga na kuvaa ni kazi ya zamani katika nyanda hizi. Kilicho kipya ni daftari.

Neno moja kuhusu bangili za shaba. Usinunue waya kwa mtu usiyemjua asiyeweza kukuambia ameutoa wapi. Wizi wa nyaya za umeme na wa mizigo barabarani upo, na anayekutwa na mali ya wizi huitwa kujieleza. Nunua dukani au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayejulikana, na utunze risiti.

Kwacha mezani

Tangu tukue, Tunduma shilingi na kwacha zimeishi nyumba moja. Lakini sheria imebadilika. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kupokea malipo ya bidhaa na huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Wengi walipozisikia walifikiria dola za hoteli na nyumba za kupanga mjini. Kwacha nayo ni fedha ya kigeni.

Kwa muuzaji wa hereni, jibu rahisi ni hili: kibao cha bei kiwe cha shilingi, na mteja wa Nakonde abadilishe pesa yake kwanza, benki au kwenye duka la kubadilishia fedha lenye leseni. Kuna faida nyingine ambayo haisemwi. Ukipokea kwacha mezani, wewe ndiye unayebeba hasara ya kiwango. Hujui kesho itabadilishwa kwa shilingi ngapi, na anayekubadilishia anachukua chake. Kwenye faida ya shilingi 500, hasara hiyo inatosha kukumaliza.

Na ukitaka kuvuka wewe na mzigo, uliza kabla. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, wakati Zambia ni mwanachama. Zambia nayo haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunakutana nao SADC. Kwa hiyo utaratibu aliokusimulia ndugu yako anayepeleka mzigo Kenya au Uganda hauwi huo huo hapa kwetu. Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kimeweka maofisa wa nchi zote mbili karibu karibu. Kuuliza hakulipiwi. Njia za panya ndizo zinazogharimu, kwa sababu ukikamatwa mzigo wote unakwenda.

Kitambulisho na kodi

Tumesikia hofu kwamba ukiuza hereni kibarazani utafuatwa na TRA. Kwa utaratibu wa kodi kwa wafanyabiashara wadogo wasiotunza hesabu za kampuni, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Angalia neno mauzo. Si faida. Milioni 4 kwa mwaka ni kama shilingi 333,000 kwa mwezi. Anayeuza msimu wa sikukuu tu yuko mbali na kiwango hicho. Anayeuza mwaka mzima ajihesabu, na daftari ndilo litakalomtetea.

Kitambulisho cha kidijitali cha wafanyabiashara wadogo hulipiwa shilingi 20,000 na hudumu miaka mitatu. Utahitaji namba ya NIDA. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kwa hesabu yetu ya juu, ni faida ya jozi 40. Si pesa ndogo, lakini ukiigawa kwa miaka mitatu ni jozi 13 au 14 kwa mwaka.

Mtaji unaokunyonya

Tumefika mahali ambapo, kwa maoni yetu, pesa nyingi ya Desemba hupotelea. Mama wa Chapwa alianza msimu uliopita kwa mkopo wa mtaani, ule tunaouita kausha damu.

Tufanye hesabu kwa mfano. Umekopa 100,000, unarudisha 130,000 baada ya mwezi. Riba ni 30,000. Kwa faida ya shilingi 500 kwa jozi, unahitaji kuuza jozi 60 kulipa riba peke yake. Jozi 60 kwa dakika 40 ni saa 40 za kazi. Wiki nzima umemfanyia kazi mkopeshaji.

Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Mkopo ule ule kwa riba hiyo ungekugharimu 3,500 kwa mwezi, yaani jozi saba. Jihadhari pia na mikopo ya kwenye simu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Njia nyingine ipo halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Hutolewa kwa vikundi, na haitoki kwa wiki moja. Anayeitaka kwa Desemba ijayo aanze kuunda kikundi mapema mwakani, shamba likiwa bado kwenye palizi.

Kabla ya tarehe 24

Tulimwacha mama wa Chapwa na mambo manne, nasi tunakuachia wewe.

Andika gharama ya jozi moja, pamoja na muda wako, na ujue bei ambayo hutashuka chini yake. Tenga pesa ya vifaa kila jioni, kabla haijaonja chumvi ya nyumbani. Laini ya pili ya simu au kopo lenye kufuli vyote vinafaa. Tafuta oda za kwaya, harusi na vikoba badala ya kusubiri wapita njia. Na mteja akikuonyesha ujumbe wa "muamala umekamilika", angalia salio lako mwenyewe kabla hujatoa mzigo. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040.

Tena sare. Mama yule ameamua msimu huu jozi 30 za kwanza ni za sare, na pesa yake haitaguswa kwa Krismasi wala Mwaka Mpya. Shule zikifunguliwa tutarudi Chapwa kumsikiliza, nawe utasikia hewani ilivyokuwa.