MASTAA NA PICHA ZA CHUPA MEZANI: BILI KALIPA NANI?

Kila wikiendi ni stori ile ile. Ikifika Ijumaa usiku, kurasa za mastaa wa Bongo zinajaa meza. Siyo meza ya chakula, ni meza ya chupa. Bia zimepangwa kama askari wa gwaride, katikati kuna chupa kubwa ya pombe kali, pembeni sahani ya nyama choma iliyoliwa nusu, na nyuma yake staa kavaa miwani ya jua saa sita usiku. Chini kaandika: "Tunakula bata, wenye wivu wajinyonge." Mashabiki nao wanamwaga sifa.

Hakuna ubaya mtu mzima kunywa bia yake kwa hela yake. Kukaa na washkaji, kuzungusha raundi na kucheka mpaka mbavu ziume ni raha ya halali kabisa. Tatizo ni hiyo picha. Inaonyesha kila kitu isipokuwa kimoja: nani kalipa?

Wanaozijua baa za Sinza, Tabata au Kinondoni wanajua kwa nini mara nyingi chupa tupu haziondolewi haraka mezani. Siyo uvivu wa mhudumu. Zile chupa ndiyo daftari lake. Mteja anaagiza "moja moto, moja baridi", jirani yake anaongeza mbili, mwingine anatoa ofa kwa meza ya pili, na baada ya saa tatu hakuna anayekumbuka kitu. Hapo mhudumu anahesabu chupa, au vizibo alivyoviacha mezani, na ubishi unaisha. Kwa hiyo staa akipiga picha na chupa thelathini tupu, mashabiki wanaona utajiri, lakini mhudumu anaona deni ambalo bado halijalipwa.

Na deni hilo lina mwenyewe. Kwenye baa nyingi mhudumu ndiye anayechukua vinywaji kaunta, na ndiye anayedaiwa wakati wa kufunga hesabu. Mteja akitoroka, akilewa akakataa idadi, au akisema "nitakutumia kwenye simu kesho", hiyo ni shoti, na shoti inakatwa kwenye mshahara wake. Mshahara wenyewe ni wa kusukuma siku tu. Dada wa watu kasimama toka jioni, kavumilia kushikwashikwa na walevi kwa sababu ana mtoto wa kulipia ada, halafu anarudi nyumbani alfajiri akidaiwa bia alizokunywa mtu mwenye wafuasi malaki.

Mjini hapa stori zake ni nyingi. Kuna msanii wa Bongo Fleva, jina kapuni, anayesifika kwa staili moja: anaingia na watu kumi, anaagiza kwa sauti, anapiga picha zake, halafu anatoka nje "kupokea simu", na simu hiyo haina mwisho. Yupo pia mwigizaji, naye jina kapuni, ambaye inasemekana huazima chupa za bei mbaya zilizokwisha kwenye meza ya jirani, akapiga nazo picha, kisha akaendelea na soda yake. Huyu wa pili angalau anajidanganya mwenyewe tu. Yule wa kwanza anamwibia dada wa watu huku akipigiwa makofi.

Wenye baa walishayaona haya zamani, ndiyo maana kuta zao zinaongea. "Leo cash, kesho mkopo." "Kukopa harusi, kulipa matanga." Kwingine kumebandikwa ule mchoro wa wanaume wawili: aliyeuza kwa taslimu kanenepa, katulia kwenye kiti chake, aliyeuza kwa mkopo kakonda, kashika kichwa. Watu huutazama, wakacheka, wakaagiza nyingine. Na kuta hizo hazipingi starehe hata kidogo. Hapo hapo pamechorwa chupa inayotoka jasho la baridi na glasi yenye povu, na jina la baa limepakwa rangi za kampuni ya bia. Ukuta mmoja unamkaribisha mteja na papo hapo unamkumbusha alipe. Mastaa wamechukua ule ukaribisho, ukumbusho wameuacha.

Kuna watakaosema waacheni, picha zile ni biashara, staa anajenga jina. Sawa, lakini hata chupa yenyewe ina onyo kwamba kinywaji hakiuzwi kwa walio chini ya miaka 18. Picha ya staa haina onyo lolote. Kijana wa bodaboda anaiona, anaamini meza ile imelipiwa, na Jumamosi anataka yake ifanane nayo. Anamaliza hesabu ya bosi, Jumatatu anapokonywa pikipiki. Hiyo picha hakuna anayeiposti.

Halafu kunywa pamoja hakukuanza na simu. Kule Uchagani mbege, ile ya ndizi na ulezi, inanywewa harusini, msibani, hata pale watu waliogombana wanapopatanishwa. Kata inapita mkono hadi mkono, mkubwa kwa mdogo, na mtu akisimulia baadaye anasimulia nani alikuwepo, nani alisema nini, nani alicheza mpaka akapoteza kiatu. Hasimulii alipanga kata ngapi mbele yake. Lakini meza nyingi za mastaa, ukizitazama vizuri, kila mtu kainamia simu yake. Chupa ndizo zinazoonekana kuwa na kampani.

Basi mastaa wapige picha, tena nyingi. Ila waite bili kwanza, wahesabu chupa na mhudumu, walipe, wamwachie dada chenji. Halafu wamwombe naye aingie kwenye picha. Akiingia na tabasamu lake, mashabiki watajua meza imelipiwa. Akikunja sura, napo jibu litakuwa limepatikana.

Wadau mnasemaje?