UVIVU HAUMO KATIKA DAMU

Ndugu Wanachama,

Penye kiwanda cha mgeni neno hili halikosi: "Watu wa hapa ni wavivu, kazi si desturi yao." Ni neno la zamani. Wazee wetu waliambiwa hivyo hivyo mashambani na relini. Yafaa tulipime kwa mambo yaliyotokea.

Huko Fremont, California, katika nchi ya Marekani, kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha motokaa. Wafanyakazi wake walikuwa na sifa mbaya. Kila siku watu kama 20 katika 100 hawakufika kazini, na wengine walikunywa pombe saa za kazi. Mwaka 1982 kiwanda kikafungwa. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa jina la NUMMI, wasimamizi wakiwa Wajapani wa Toyota. Wengi walioandikwa ni wale wale wa zamani, na chama chao, UAW, kilikubaliwa. Haukupita muda mrefu, wasiofika kazini hawakuzidi 5 katika 100, na motokaa zao zikasifiwa.

Je, damu yao ilibadilishwa? La! Yaliyobadilika ni masharti. Zamani mtu wa chini hakuthubutu kusimamisha kazi, hata akiona motokaa ina kasoro. Wajapani walitundika kamba: aonaye kosa aivute, apate msaada, na kosa likikawia kutengenezwa kazi yote husimama. Sisi watu wa reli twaujua mnyororo wa hatari ndani ya behewa. Auvutaye kwa sababu ya haki hatozwi faini. Tena wakubwa na wadogo walikula chumba kimoja. Katika mapatano ya mwaka 1985 iliandikwa kwamba hali ikiwa mbaya, mishahara ya wakubwa ipunguzwe kabla ya watu kuachishwa. Kazi ilipopungua mwishoni mwa miaka ya 1980, watu hawakuachishwa. Walitiwa katika mafunzo.

Hatusemi ilikuwa peponi. Wengine walilalamika kwamba mwendo wa kazi ni mkali mno, na mwaka 2010 kiwanda kilifungwa.

Basi ndugu, akija mwenye mali kutoka ng'ambo tumpokee kwa adabu, tujifunze bidii yake na kutunza saa. Lakini akituita wavivu, tumwulize mezani maswali matatu: Kamba yetu iko wapi? Mapatano yetu yako wapi? Na kazi ikipungua, utaanza kupunguza kwa nani?

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
MHARIRI