Ajali ya Umeme Ina Kinga

Methali yetu yasema kuwa ajali haina kinga. Ni kauli ya hekima inapomfariji mtu aliyefikwa na jambo asiloweza kulizuia. Lakini hugeuka kuwa hila inapotumiwa kufunika uzembe. Nyumba ikiteketea kwa hitilafu ya umeme, majirani hukusanyika, huzima moto, hutoa pole, hutamka methali hiyo, kisha hurudi makwao. Na baadhi yao huko makwao wana nyaya zile zile na tabia ile ile. Mimi naipinga kauli hiyo katika jambo la umeme. Umeme, au stima kama tuuitavyo, hauna bahati wala kisirani. Una kanuni, na kitu chenye kanuni kina kinga.

Kanuni zenyewe mwanafunzi aweza kuzijua kwa tochi. Betri husukuma, waya hupitisha, na uzi mwembamba ndani ya globu hukinza. Kwa kukinza huko hupata joto na kutoa nuru. Mkondo hutoka upande mmoja wa betri na kurudi upande wa pili. Njia ikikatika popote, mkondo wote husimama. Swichi ni daraja katika njia hiyo: likishushwa, mkondo huvuka, likiinuliwa, hukoma. Msukumo hupimwa kwa volti, mkondo kwa ampea, na ukinzani kwa omu. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni iliyobeba jina lake: gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Tochi ya betri mbili ina volti 3. Nyumba zetu zina volti 240. Kanuni ni moja, ila msukumo umezidi mara 80.

Sasa tuutazame mji wa Eldoret, ulioitwa zamani Sikisti-Fo na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2024. Uko juu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Julai ni za baridi kali. Katika chumba cha kupanga chenye soketi moja, mpangaji huchomeka waya wa kuongezea soketi, na juu yake akachomeka birika la umeme, jiko la koili na chombo cha kupasha chumba joto. Tuseme kila kimoja ni cha wati 2,400. Gawanya wati kwa volti: kila chombo chataka ampea 10. Kwa kuwa vimeungwa sambamba, kila kimoja hupata volti 240 kamili, na mikondo yao hujumlishwa: ampea 30 katika waya mmoja, nayo fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Fyuzi huyeyuka. Hapo imetimiza wajibu wake: imekufa ili nyumba ipone.

Afanyaje mpangaji? Aghalabu huilaani fyuzi, akaizungushia karatasi ya bati ya pakiti ya sigara, au akatia kipande cha waya mahali pake. Taa zawaka, maji yachemka, naye hujiona fundi. Walakini joto katika waya haliongezeki sawasawa na mkondo. Mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Kutoka ampea 13 hadi 30, joto huzidi mara tano. Plastiki hulainika, nyaya hugusana, na moto huanza usiku watu wakiwa wamelala. Je, hii ni kudra? Mlinzi ameuawa na mwenye nyumba, kisha mwizi alipoingia twasema ilikuwa imeandikwa!

Wala asidhani mtu kwamba fyuzi peke yake yatosha. Fyuzi hulinda waya. Mwili wataka kinga nyingine. Ngozi iliyolowa maji yaweza kuushusha ukinzani wa mwili hadi kama omu 1,000. Gawanya 240 kwa 1,000: ni karibu robo ya ampea, kiasi kiwezacho kuusimamisha moyo, na fyuzi ya ampea 13 haitashtuka hata kidogo. Ndiyo sababu plagi ina mguu wa tatu, wa waya wa ardhi. Waya wenye umeme ukigusa bati la birika, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini na kuyeyusha fyuzi kabla mkono haujaguswa. Anayeukata mguu huo ili plagi iingie katika tundu mbovu ameikata kinga ya mwanawe.

Wapo watakaosema kuwa fundi mwenye leseni ni ghali, na maskini hana budi kubahatisha. Hoja hii ina uzito, lakini uzito wake umwangukie anayestahili. Bei ya fyuzi ni ndogo. Bei ya kutandaza nyaya upya si ndogo, wala si ya mpangaji. Mwenye nyumba apokeaye kodi ya vyumba 20, akaweka soketi moja katika kila chumba na nyaya nyembamba zilizofungwa na mtu asiye na leseni, ameuza hatari kwa jina la makao. Sheria ya Nishati ya 2019 yataka kazi hiyo ifanywe na fundi aliyeidhinishwa. Umaskini wa mpangaji usiwe kichaka cha tajiri kujifichia.

Na ninyi wanafunzi, msijione wasafi. Ni aibu kijana kuikariri kanuni ya Ohm darasani, akapata alama nzuri, kisha akarudi nyumbani kuizungushia fyuzi bati. Elimu ya namna hiyo ni taa isiyounganishwa: yapendeza kwa macho, haimulikii mtu. Jifunzeni kwa betri na tochi, wala msijaribu kwa soketi ya ukutani. Kisha jumlisheni wati za vyombo vya nyumbani, someni namba iliyo juu ya fyuzi, na mwelezeni mzazi kwa adabu kile mlichokiona.

Taifa lilijenga kituo cha Turkwel, kilichofunguliwa mwaka 1991, chenye nguvu ya megawati 106. Umeme wake husafiri kwa nyaya za kilovolti 220 hadi Lessos, huko Nandi, jirani na Eldoret. Kila nguzo na kila waya wa njia hiyo ulipigiwa hesabu. Ni upumbavu gani basi kuifuata hesabu kutoka bwawani hadi mlangoni, kisha hatua chache za mwisho, zile za chumbani wanamolala watoto, kuziachia bahati?