Mwenye Kisukari Akihuzunika Tusimpime Imani

Yapo maneno ambayo mgonjwa huyasikia kutoka kwetu sisi waumini hapa Tukuyu, nayo humzidishia maradhi: kwamba huzuni yake ni udhaifu wa imani. Huambiwa hivyo mtu wa kisukari aliyekosa usingizi, asiyetamani chakula, ambaye hata kliniki amekwisha kuiacha. Tujiulize, ndugu Waislamu: Nabii Yaaqub (a.s.), aliyemlilia Yusuf hata macho yakapofuka, naye alikuwa dhaifu wa imani?

Hali hiyo madaktari huiita sonona. Mwenye kisukari yumo katika hatari ya kupatwa nayo karibu mara mbili ya asiye nacho. Aliyekata tamaa haoni sababu ya kumeza vidonge wala kuchunga mlo; sukari ikipanda mwili huchoka, na moyo huzidi kuzama. Kutibu sukari peke yake, basi, ni kuziba tundu moja la pakacha.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, chini ya Mary de Groot wa Chuo Kikuu cha Indiana, uliwachukua wagonjwa 140 wenye maradhi yote mawili. Kwa wiki 12 baadhi walipewa tiba ya mazungumzo, baadhi mazoezi, wengine vyote viwili. Hao walipata nafuu ya sonona kuliko walioachiwa matibabu ya kawaida.

Atasemwa: Rungwe tutawapata wapi wataalamu wa mazungumzo? Harare walikosa pia. Tangu mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi wa mtaani kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na njia hiyo imekwisha kufika Zanzibar. Sisi wazee wenye subira tunao, na milima ya kupanda tunayo bila ya kulipia.

Kila msikiti na uchague wanaume wawili na wanawake wawili, wakaombe mafunzo hospitali ya Makandana, kisha baada ya Alasiri watembee na wagonjwa nusu saa huku wakiwasikiliza. Kusikiliza, nasema, si kuhutubia. Hotuba tunazo za kutosha. Mgonjwa avae viatu vilivyofunika vidole, kwani kidonda cha mguu kwake si jambo dogo, na anayejidunga insulini awe na kitu kitamu mfukoni. Dawa asiziache. Na atakayetamka kwamba amechoka kuishi, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, asingojeshwe Ijumaa.