JAKUZI LA STAA NA HADITHI YA "KUTUNZA MAZINGIRA"
Staa mmoja wa kike hapa Dar kaanika bafu lake jipya mtandaoni, eti "rafiki wa mazingira". Vigae vizima vimeng'olewa na kutupwa, vikaletwa vya ng'ambo, na katikati limekaa jakuzi. Mazingira gani hayo? Kulijaza tu ni lita 200 na ushee, yaani ndoo kubwa kumi, kwa mtu mmoja! Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, jiji liliingia mgao, watu wakahangaika na madumu. Angekuwa na nia kweli, angebadili tenki la choo tu: la vitufe viwili humwaga lita 3 kwa haja ndogo, la kizamani linakula 9. Mama wa Manzese anayemwagia choo maji aliyofulia anamwacha mbali. Hizo ni sifa, siyo mazingira!