Paka wa Kiajemi na Gharama ya Urembo

Ndugu msomaji, huenda umemwona, pengine pichani tu, paka mwenye manyoya marefu laini kama sufi na pua iliyobonyea. Huyo ndiye paka wa Kiajemi. Leo tutazame asili yake, na jinsi binadamu alivyomgeuza.

Mnamo mwaka 1620 msafiri wa Kiitalia, Pietro della Valle, akiwa Uajemi, yaani Iran ya leo, aliandika habari za paka wa Khorasan wenye manyoya marefu, akanuia kuwapeleka kwao. Wengine walifika Ulaya kutoka Ankara, Uturuki. Katika karne ya 19 Waingereza waliwachanganya paka hao. Na mwaka 1871 mchoraji Harrison Weir aliandaa maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Crystal Palace, London. Tangu hapo wafugaji wakawa wakichagua wazazi kwa kufuata macho ya waamuzi. Uchunguzi wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kwa nasaba paka huyu yu karibu zaidi na paka wa Ulaya Magharibi kuliko wa Mashariki ya Kati. Jina ni la Uajemi. Umbo ni la wafugaji wa Ulaya na Marekani.

Manyoya yenyewe hayana madhara makubwa, mradi yachanwe kila siku. Balaa imo usoni. Kwa kuwa watu walipenda pua fupi, waliifupisha kizazi baada ya kizazi, hata njia za machozi zikapinda na kupumua kukawa kazi. Ndiyo maana wengi wao hutiririkwa machozi mashavuni, wala si kwa huzuni.

Aidha, kuzalisha ndani ya ukoo mmoja kulieneza ugonjwa wa figo: vifuko vya maji humea ndani yake na kukua polepole, hata figo zikashindwa kazi. Yatosha mzazi mmoja kuurithisha. Zamani zaidi ya thuluthi ya paka hao waliopimwa walikutwa nao. Mwaka 2004 wataalamu waligundua chembe ya urithi inayouleta, na tangu hapo mfugaji mwangalifu humpima mzazi kabla ya kumzalisha.

Basi, ndugu msomaji, aliyeuharibu uso huo ni mnunuzi na sifa zake, na mnunuzi huyo huyo aweza kuutengeneza. Ukijaliwa kuchagua paka, sikiliza kwanza anavyopumua. Manyoya uyasifu baadaye.